Herufi Tatu za Kadi ya Hospitali

Mwanarehema Boga alianza ualimu mwaka wa 1982, katika shule ya msingi kule Bofu, Likoni, na siku ya kwanza tu alikabidhiwa kabati. Ndani mlikuwa na vitabu mia na ushei, nusu yavyo vimeliwa na mchwa. Mwalimu mkuu wa wakati huo akamwambia kwamba hiyo ndiyo maktaba ya shule, na kwa kuwa yeye ndiye mgeni, basi maktaba ni yake. Walimu wenziwe wakacheka. Yeye alipangusa vumbi akaanza kuvihesabu.

Alikuwa ametoka chuo cha ualimu. Huko, kwa mara ya kwanza maishani, aliona droo zilizojaa vijikadi, kila kijikadi na jina la kitabu na mahali kinapokaa. Mwenziwe mmoja wa chuoni alizipita zile droo kama mtu anayepita sokoni. Mwanarehema alisimama mbele ya droo asubuhi nzima. Kwao walikuwa watu wa shamba, minazi na mikorosho, na babake mzee Boga hakujua kusoma ila Kurani. Pale mbele ya zile droo ndipo alipopata fikira iliyomganda mpaka uzee wake: kwamba watu wengi hawakunyimwa akili, walinyimwa pa kutafuta.

Akakata makasha ya chaki, akatengeneza vijikadi vyake mwenyewe. Mtoto akija kumwuliza kwa nini maji ya bahari yana chumvi, hamjibu. Humwambia, "Nenda katafute. Ukirudi na ukurasa, tutazungumza." Wazazi wakalalamika. Mwalimu gani huyu asiyejibu? Huyu ni mvivu tu. Mumewe, fundi wa bandarini, naye alikuwa na malalamiko yake, kwamba miaka mitano imepita na nyumba haina sauti ya mtoto, na mwaka wa 1987 akampa talaka yake kwa upole, mbele ya mashahidi, akamsaidia hata kubeba sanduku. Mwanarehema akarudi nyumbani kwa babake, na babake alipofariki akabaki mwenye nyumba. Hakuolewa tena. Asubuhi shule, jioni shule, na watoto wa watu.

Sasa, hapo mtaani palikuwa na mwanamke mmoja wa bara, Selpher, mjane, aliyekuwa akishona sare za wanafunzi kwenye baraza ya nyumba aliyopanga. Mumewe alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini, alikufa mapema, akamwachia cherehani na binti mmoja, Agneta. Mwanarehema na Selpher hawakuwa mashoga wa kushinda milangoni. Walikuwa wakisalimiana na kupimana vitambaa. Lakini Agosti ya mwaka wa 1997, yalipozuka mauaji ya Likoni na watu wa bara wakawa wanasakwa nyumba kwa nyumba, Selpher aligonga kwa Mwanarehema alfajiri, amemshika binti yake mkono, bila viatu. Mwanarehema hakuuliza neno. Akawaingiza chumba cha ndani, akawavika mabuibui ya marehemu mamake, na wakakaa humo siku tisa. Siku ya nne walikuja vijana na mapanga, wakamwuliza nani yumo. Akawaambia yumo yeye na Mwenyezi Mungu, na kama wanamtaka mmoja wao waseme. Wakaondoka.

Watu wengi wa bara walihama wasirudi. Selpher alirudi kwenye cherehani yake. Alisema hapa ndipo alipo mtu wake, yule aliyemficha. Kakake, Kefa, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Changamwe, alimwita mwendawazimu.

Mwaka uliofuata Mwanarehema aliitwa mjini, ng'ambo ya feri, kwenye semina ya walimu ya wiki moja. Siku ya tatu wakapelekwa duka moja la ghorofani lenye kompyuta nne. Kijana mwenye duka, Ishaka, akaunganisha mashine na waya wa simu, mashine ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha ikanyamaza, na kwenye kioo pakatokea mahali pa kuandika maneno. "Andikeni mnalotaka kujua," Ishaka akasema. Walimu wakaandika majina yao wenyewe, wakacheka yasipotoka. Mwanarehema aliandika swali la chumvi ya bahari. Alipoona majibu yanamiminika, kutoka nchi ambazo hatazikanyaga, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena. Ilikuwa ni zile droo za chuoni, ila hizi hazikuwa na mwisho.

Shuleni hapakuwa na kompyuta. Simu yenyewe ilikuwa moja, ofisini kwa mwalimu mkuu, na ilikuwa imekatwa. Lakini Mwanarehema alikuwa mtu wa kutengeneza kadi kwa makasha ya chaki. Alifanya hivi: Ijumaa, darasa la sita, kila kundi la watoto linaandika swali moja kwenye kijikaratasi. Jumamosi yeye anavuka feri na vijikaratasi vyake, anapanda kwa Ishaka, anawatafutia, anachapishiwa majibu. Jumatatu anayaleta. Kwa kuwa kila dakika pale ililipiwa, na mlipaji ni yeye, hapakuwa na nafasi ya swali bovu.

"Swali ni nazi," aliwaambia. "Huli makumbi yake, yale maganda ya nje. Fueni kwanza."

Msichana mmoja, Kadzo, alikuwa ameandika: Kwa nini minazi ya babu yangu shambani inakauka vichwa?

"Haya, tufue. 'Kwa nini' ni kumbi au ni nazi?"

"Kumbi!" darasa likaitika.

"'Ya babu yangu'?"

"Kumbi!"

"Intaneti haimjui babuyo, Kadzo, na Mungu ampe umri. Imebaki nini?"

Ilibaki minazi, kukauka, vichwa. Wakaongeza Afrika Mashariki, wasije wakaletewa minazi ya Bara Hindi. Kisha wakachukua kamusi wakayageuza Kiingereza, maana mitambo ile Kiswahili ilikisikia kwa tabu. Jumatatu Kadzo alipata karatasi tatu. Moja ilisema ni ugonjwa. Ya pili ilisema ni mdudu. Ya tatu ilisema nunua dawa yetu.

"Huyu wa tatu amesema kweli?" Mwanarehema akauliza.

"Anauza, Mwalimu," akajibu Agneta kutoka nyuma. "Mwuzaji hawezi kusema mnazi ni mzima."

Ndipo Mwanarehema alipomtambua hasa. Agneta alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kusoma karatasi mpaka maandishi madogo ya chini. Wenziwe walisoma jibu. Yeye alisoma nani amejibu. Siku moja kundi lao liliuliza kreni za bandarini hunyanyua uzito gani, wakaletewa habari za ndege wakubwa wenye miguu myembamba, kwa sababu kwa Kiingereza mtambo ule na ndege yule wana jina moja. Darasa lilivunjika mbavu. Mwanarehema aliwaacha wacheke, kisha akaandika ubaoni: Jibu laweza kuwa la kweli na lisiwe jibu lako. Agneta ndiye aliyeinua mkono. "Basi tunaongeza neno, Mwalimu. Tunaandika na 'bandari'. Ndege hawakai bandarini." Mwanarehema alikwenda nyumbani siku hiyo na furaha ya mtu aliyezaa.

Mwishoni mwa 1998 Selpher alianza kukohoa. Kikohozi kikakataa asali, kikakataa tangawizi. Akakonda, cherehani ikawa inalala siku mbili tatu. Januari ya 1999 hospitali wakampiga picha ya kifua, wakamwambia ana kifua kikuu, wakampa vidonge vya kumeza kwa miezi mingi na kadi ya kurudi nayo. Alimeza mwezi mmoja, na wallahi alianza kupata nafuu. Homa za jioni zilipungua, akaweza kukaa kitako barazani. Lakini Kefa akaja kutoka Changamwe. Akatazama mifupa ya dadake, akasema hiki si kikohozi.

"Tangu vita vile hawakututaka hapa," alisema. "Walishindwa kwa panga, sasa wamerudi kwa njia nyingine. Huyu amerogwa. Nampeleka nyumbani kwetu, kuna mtu anayejua."

Agneta aliyasikia. Akachukua kadi ya hospitali akaisoma kama alivyofunzwa, mpaka maandishi madogo. Neno la kifua kikuu aliliona. Ubavuni mwake, kwa mkono wa daktari, palikuwa na herufi tatu ambazo hakuzijua: I, S, S. Alimwuliza muuguzi, akaambiwa hiyo ni lugha ya madaktari, haimhusu mtoto.

Ijumaa akampa Mwanarehema kijikaratasi chake. Kilikuwa na zile herufi tatu, basi.

"Hili swali limefuliwa mpaka limebaki kifuu," Mwanarehema akamtania. "La somo gani?"

"La sayansi, Mwalimu."

Kisha, alipokuwa anageuka kwenda zake, akasema haraka haraka, "Limeandikwa kwenye kadi ya mama. Mjomba anataka kumhamisha. Nikipata maana yake nitamwonyesha mjomba kwamba ni ugonjwa wa hospitali, una jina."

Jumamosi hiyo Mwanarehema aliandika herufi zile kwa Ishaka, na majibu yakaja tele. Yote yalihusu nyumba ambayo mataifa makubwa yalikuwa yakiijenga angani, juu ya dunia, wanaanga wakae humo. Akatabasamu. Ni ndege wa bandarini tena. Akaongeza maneno: hospitali, kifua kikuu, Afrika. Akasubiri. Mashine ilikwenda polepole, mstari kwa mstari. Ukurasa wa tatu ulikuwa wa daktari aliyewahi kufanya kazi Kenya, na alieleza kwa lugha nyepesi tu kwamba madaktari wa hapa, wasipotaka kuandika jina la ugonjwa ule ambao watu huuogopa kuutaja, huandika herufi hizi tatu. Alieleza pia kwamba kifua kikuu cha wagonjwa kama hao hutibika kwa vidonge vilevile, ilimradi wasiviache, na kwamba wengi wao hupona kifua wakaishi miaka.

Aliusoma ukurasa mara mbili. Wakati huo Likoni ugonjwa ule haukuitwa jina. Watu walisema "mdudu", na wakishasema hawaji tena kwako hata kuomba chumvi. Alijua nyumba ambayo sahani za mgonjwa zilitupwa shimoni pamoja na godoro.

"Nikuchapishie, Mwalimu?" Ishaka akauliza.

"Nichapishie."

"Upi?"

"Zote mbili. Huu na ule wa angani."

Mpaka Jumatatu alikuwa hajaamua. Ndivyo alivyojiambia baadaye. Lakini aliingia darasani na karatasi moja mkononi, na ile nyingine ilikuwa kabatini, chini ya atlasi, na mtu hafichi kitu chini ya atlasi bila kuamua.

Agneta alisoma habari za nyumba ya angani tangu juu mpaka chini. Wenziwe walipotoka nje kucheza akaja mezani.

"Mwalimu, daktari ameandika habari za angani kwenye kadi ya mama?"

"Pengine hukunakili vizuri."

"Nimenakili vizuri."

"Basi ndilo lililotoka, mwanangu."

"Uliongeza neno?"

Mwanarehema alikuwa akipanga madaftari. Aliendelea kuyapanga. "Muda uliisha," akasema.

Mtoto akamtazama. Akaikunja ile karatasi, akasema, "Ahsante, Mwalimu," akatoka. Miaka kumi na saba ya kufunza, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza Mwanarehema alipomdanganya mtoto kwa kumwambia kwamba kosa ni lake.

Alikuwa na sababu zake, na alizirudia njia nzima jioni ile alipokuwa akienda kwa Selpher. Si haki mtoto ajue siri ya mamake kabla ya mamake. Si kazi ya mwalimu, ni kazi ya daktari. Na yeye ni mtu wa Pwani. Akiwaambia watu wa bara kwamba dada yao ana ugonjwa ule, baada ya yote yaliyopita, watasema nini? Atamwambia Selpher peke yake, faraghani, kwa taratibu. Kwa nia hiyo alibisha hodi.

Kefa alikuwamo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, mtu mnene mwenye sauti ya kiwandani, na mifuko miwili ilikuwa imeshafungwa karibu na mlango. Agneta alikuwa kizingitini akichambua mboga. Mwanarehema akapewa chai. Akaipuliza, akaizungusha. Akauliza hali. Selpher alikuwa amejilaza kwenye mkeka, kanga mbili juu yake, na vidonge vyake vilikuwa dirishani katika kopo la maziwa.

"Mwalimu," Selpher akamwita, "afadhali umekuja. Hawa ndugu zangu wananivuta huku, hospitali wananivuta huku. Mimi sikusoma. Hebu sema wewe uliyesoma, ambaye uliniweka kwako nikapona. Huu ni ugonjwa wa hospitali au ni wa watu?"

Mikono ya Agneta ilisimama kwenye mboga.

Kefa akasema, "Sema tu, Mwalimu. Tunakusikiliza."

Na Mwanarehema Boga, aliyewaambia wenye mapanga waseme wanamtaka nani, akaweka kikombe chini akasema, "Mungu ndiye ajuaye, mama Agneta. Sisi waja hatujui."

"Umesikia," Kefa akamwambia dadake. "Hata mwalimu wenu hasemi ni wa hospitali."

Waliondoka Jumatano, kwa basi la asubuhi, upande wa ziwani. Mwanarehema alipata habari kwa mwenye nyumba, aliyekuja shuleni kuuliza kama yuko mwalimu anayetaka kupanga chumba. Alikwenda kukitazama, kwa kisingizio hicho. Kopo la vidonge lilikuwa bado dirishani.

Selpher alikufa Juni. Habari ilifika Bofu na mtu wa Changamwe aliyekuwa akikusanya mchango wa mazishi darasa kwa darasa. Mwanarehema alichanga mshahara wa nusu mwezi, na yule mtu akamshukuru sana, akasema dunia bado ina watu wema. Mwanarehema alitoka nje, akaenda nyuma ya vyoo vya wanafunzi, akakaa huko mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Vijikaratasi vya Ijumaa viliendelea wiki chache, kisha akaviacha. Watoto wakauliza, akasema feri ina msongamano.

Septemba shule ilipata kompyuta mbili na waya wa simu kutoka kwa wafadhili. Mwalimu mkuu alikuwa amewaandikia barua ndefu kuhusu vijikaratasi, namna watoto maskini wanavyojifunza kutafuta katika intaneti wasiyoiona, akasema "mpango wetu" katika kila mstari. Siku ya kukabidhi, hema lilisimamishwa uwanjani. Mwanarehema akaitwa mbele aseme maneno mawili matatu kuhusu mafanikio ya mpango. Alisimama na kipaza sauti, akaona nyuso za watoto zimemwelekea.

"Nimewafunza kutafuta," akasema. "Sikuwafunza la kufanya wakishapata."

Akarudi kukaa. Wageni walidhani ni methali ya Kiswahili, wakapiga makofi kwa nguvu. Wiki iliyofuata akaja kijana mwenye cheti cha kompyuta, mpwa wa mtu fulani katika kamati, na chumba kikawa chake. Aliwafunza watoto kuchora duara na kulipaka rangi. Alipoulizwa habari ya kutafuta, alisema unaandika tu, linatoka. Wengine walitazamia Mwanarehema apigane. Alimpa ufunguo siku hiyo hiyo.

Agneta alikuja Novemba, mtihani wa darasa la nane ukiwa umekwisha na shule inakaribia kufungwa. Alikuwa ameongezeka urefu. Alivaa rinda lililoshonwa kwa kitambaa cha sare, ambacho Mwanarehema alikitambua, na shingoni uzi mweusi wa msiba. Alimkuta mwalimu peke yake darasani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pole sana. Pole, Mungu..."

"Nimekuja kuchukua barua ya uhamisho. Shule ya kule inaitaka."

"Utaipata. Kaa."

Hakukaa. Akafungua daftari, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani. Mwanarehema hakuhitaji kuifungua. Aliona kichwa cha habari cha yule daktari kwa upande wa pili, kimepenya karatasini.

"Nilipitia kwa yule kijana wa duka la mjini kabla ya kuja huku," Agneta akasema. "Nilimwambia mimi ni mwanafunzi wako, akanipa dakika tano bure. Niliongeza neno moja tu, Mwalimu. 'Hospitali'."

Mwanarehema alifunga daftari lililokuwa mbele yake.

"Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Siku ile mama alipokuuliza?"

"Nilikuwa nimeshajua. Tangu Jumamosi."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayethibitisha hesabu aliyokwisha kuifanya. "Kule nyumbani walimpa mizizi miezi miwili. Alipozidiwa tukampeleka hospitali, daktari akasema kifua kilikuwa kimeanza kupona huku Mombasa. Akatuuliza nani aliyemwachisha vidonge. Mjomba alitazama chini. Mama mwenyewe ndiye aliyejibu. Alisema, 'Niliuliza, wakasema hakuna ajuaye.'"

"Niliogopa, Agneta."

"Ulimwogopa nani? Wale wa mapanga hukuwaogopa."

Hilo Mwanarehema alikuwa amejiuliza miezi mitano na hakupata jibu la kumridhisha. Wale wa mapanga walikuja mlangoni, na kuwazuia kulimpa heshima hata mbele ya nafsi yake. Hili lilikuwa aibu tupu, halina ushujaa ndani yake, na yeye alikimbia aibu kama anavyokimbia mtu yeyote. Lakini hayo si maneno ya kumwambia mtoto aliyevaa uzi mweusi. "Sijui," akasema.

"Ile yangu iko wapi? Uliyonitafutia."

Angeweza kusema ameichana. Alikwenda kabatini, akainua atlasi, akampa. Agneta aliisoma kama kawaida yake, mpaka maandishi madogo ya chini kabisa, pale ambapo mashine huandika siku iliyochapisha. Tarehe ishirini Februari. Kidole chake kikakaa hapo.

"Naomba niichukue," akasema.

"Ni yako."

"Mjomba bado anasema mama aliuawa na watu wa Bofu. Nimebishana naye tangu mazishi. Nimemwambia hakuna mtu wa Bofu aliyemdhuru mama, na kwamba wewe ulituficha kwako siku tisa." Akaikunja karatasi, safari hii mara mbili tu. "Nitampelekea aone tarehe. Sina la kubishana naye tena."

Mwanarehema aliandika barua ya uhamisho kwa mkono wake, akaipeleka ipigwe muhuri, akarudi nayo. Alitaka kumsindikiza mpaka feri. Agneta akamwambia njia anaijua. Akasema, "Kwaheri, Mwalimu," kwa adabu ileile aliyolelewa nayo, akavuka uwanja bila kukimbia.

Kefa hakuja na fujo, kama Mwanarehema alivyotazamia. Hakuja kabisa. Ila watu wa bara waliobakia mtaani wakaanza kupita mbali na nyumba ya mzee Boga, na mama mmoja aliyekuwa akimletea mboga kila Ijumaa akaacha, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Hata majirani zake wa Bofu, waliposikia, hawakumlaumu. Walimwambia alifanya vizuri, mambo ya watu yaachiwe wenyewe. Hayo ndiyo yaliyomuuma kuliko yote.

Alimwomba mwalimu mkuu ampe darasa la kwanza mwaka mpya, watoto wa kufunzwa herufi. Mwalimu mkuu alishangaa, kisha akakubali kwa furaha, kwa sababu hakuna aliyelitaka darasa lile. Na kabla ya shule kufungwa alimwandikia Agneta barua, kurasa nne, kwa anwani iliyokuwa kwenye fomu ya uhamisho. Hakujitetea humo. Alieleza yote, siku kwa siku. Ikarudi baada ya wiki tatu haijafunguliwa. Akaituma tena ndani ya bahasha nyingine, bila jina lake nyuma. Ya pili haikurudi, wala haikujibiwa.